Gudulia la Mjerumani na Maji ya Msalato

Nyinyi mliobaki kazini,

Siku ya chai ya kuniaga mliniomba niseme machache, nikasema machache mno kwa sababu sambusa zilikuwa zinapoa. Haya ndiyo yaliyobaki. Habari za vyeo naziruka: hadithi yangu ya kupanda ni fupi, na wengi wenu mlikuwapo ilipokwama. Nataka niseme juu ya vipimo vyetu vya mionzi, na juu ya watu ambao majina yao tunayataja kutwa bila hata kuwaamkia.

Nilifika kituoni Dodoma nikiwa na shahada ya fizikia, viatu vipya, na imani kwamba nchi ilikuwa inanisubiri. Aliyekuwa ananisubiri ni Bi. Zuhura, mkuu wa kituo. Alikuwa mtu wa mjini hapahapa, wa ukoo wa wafanyabiashara waliofika na misafara zamani, wakapumzika, wakanogewa. Alikuwa amesoma kuliko mimi na hakuwa na haja ya kunikumbusha. Alinipa kihesabio cha Geiger, kile kisanduku chenye bomba ambacho vijijini walikiita redio, akaniambia nipime meza yake.

Kisanduku kikalia, tiki, tiki.

"Inalia," nikamwambia.

"Nimesikia. Pima ukuta."

Ukuta ukalia kuliko meza. Akaniagiza nipime sakafu, nipime udongo wa bustani, kisha nimpime yeye mwenyewe akiwa amekaa. Vyote vililia, kimoja zaidi kidogo, kingine pungufu kidogo. Akaniuliza ni kipi kati ya hivyo kina mionzi. Nikajibu, kwa sauti ndogo kuliko niliyoingia nayo, kwamba ni vyote.

"Basi kazi umeshaijua," akasema. "Kilichobaki ni kujua kiasi, na kumwambia mtu kiasi hicho bila kumuua kwa hofu."

Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza. Ya pili nilitumwa kununua betri.

Vipimo nilikuwa nimevikariri chuoni kama mtu anavyokariri namba za simu. Bi. Zuhura alinifundisha upya kwa kutumia mvua, jambo la ujasiri katika mji wetu. Becquerel moja, alisema, ni tone moja juu ya bati katika sekunde moja: chembe moja imepasuka, basi. Curie ni matone bilioni thelathini na saba katika sekunde ileile, na hapo hata bati lenyewe limeshang'oka. Gray haihesabu matone, inauliza maji kiasi gani yameingia kwenye shati lako. Sievert inauliza homa utakayoipata kwa kulowa huko, kwa sababu manyunyu na mvua ya mawe havimuumizi mtu sawasawa. Kila mara nilipomletea ripoti alisoma mstari wa kwanza, akaniuliza bila kuinua macho, "Hapa unazungumzia bati, shati au homa?" Mara nyingi sikuwa najua.

Baadaye nikaanza kuwatafuta wenyewe, hao wenye majina. Becquerel alikuwa Mfaransa aliyetaka kuona kama chumvi ya urani, ikianikwa juani, inaweza kuchoma bamba la picha lililofungwa kwenye karatasi nyeusi. Mawingu yakatanda Paris siku kadhaa, akaviweka vyote kwenye droo kusubiri jua. Alipolisafisha bamba akakuta limechomeka gizani. Nikiangalia mawingu ya Dodoma naelewa kabisa kwa nini ugunduzi huo haukufanyika hapa: huku jua lingetoka na bwana yule angeendelea na kosa lake. Röntgen, Mjerumani, aligundua miale inayoona mifupa na akakataa kuiwekea hakimiliki. Sievert, Mswidi, na Gray, Mwingereza, walikuja nyuma yao wakiuliza swali ambalo hao wa kwanza walichelewa kuliuliza: je, inaumiza? Becquerel alilijibu kwa ngozi yake mwenyewe, maana alitembea na kichupa cha radiamu, madini yenye mionzi mikali, mfukoni mpaka kikamchoma.

Ninayempenda zaidi ni Bi. Curie. Mumewe alikanyagwa na gari la farasi akafa, na miaka michache baadaye wataalamu wakakutana Brussels wakakubaliana kipimo kipya kipewe jina la Curie. Wengine walitaka kiwe kiasi kidogo sana, chembe ya chembe ya gramu, kwa kuwa ndicho walichokipata maabara. Mjane akakataa. Jina hilo halitawekwa kwenye kitu kidogo hivyo. Iwe gramu nzima ya radiamu. Wakanyamaza, ikawa gramu nzima. Ndiyo maana curie ni kubwa kupita matumizi, na mimi nimetumia nusu ya maisha yangu ya kazi nikiandika sehemu za bilioni za curie moja. Hakukubali mumewe awe punje, basi punje tukaachiwa sisi.

Kilichonishangaza katika kuwatafuta ni miaka yao. Droo ya Becquerel, radiamu ya kina Curie, kihesabio cha kwanza cha yule Geiger, mkutano wa Brussels: yote hayo yaliangukia katika miaka ya Wajerumani hapa kwetu. Mwaka uleule ambao mjane yule alikuwa anatetea gramu yake, reli ilikuwa inafika Dodoma, na wazee wetu walikuwa wanabeba mataruma ili walipe kodi ya nyumba zao wenyewe. Nilidhani ni miaka miwili tofauti yenye tarakimu zinazofanana. Kisha likaja gudulia.

Ulikuwa mwaka wa mwisho wa Bi. Zuhura kazini. Asubuhi moja waliingia ofisini bibi mmoja na mjukuu wake, kutoka kijiji kilicho mbele kidogo ya Buigiri. Bibi aliitwa Mbeleje. Alikuwa mwembamba, kitenge kimoja kiunoni na kingine begani, na alitusalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kwa sauti ya mtu aliyekuja kudai jibu. Mjukuu aliitwa Agness, mwalimu wa chekechea. Yeye alitupa shikamoo, akakaa, akaitoa simu.

Kwenye picha kulikuwa na gudulia la udongo mgumu wenye kung'aa, la kahawia, lenye mfuniko na bomba dogo chini. Ubavuni lilikuwa na maandishi ya Kijerumani. Neno moja lilisomeka hata kwa asiyejua Kijerumani: radiamu. Chini yake palikuwa na namba kubwa, na herufi mbili.

Agness alieleza, akiangalia simu kuliko kutuangalia sisi. Alikuwa ameposwa na kijana wa Msalato aitwaye Daudi. Wakwe walikuja kujitambulisha, wakakaribishwa maji kutoka kwenye gudulia hilo kama wageni wote wa nyumba ile, wakanywa, wakasifu ubaridi wake. Binamu wa Daudi akalipiga picha kwa kuwa lilikuwa zuri. Walipofika kwao akatafuta lile neno mtandaoni, akasoma kwamba radiamu huozesha mifupa. Kesho yake Mzee Elia, baba mkubwa wa Daudi na msemaji wa ukoo, akapiga simu kusema mambo yasimame kwanza. Hakusema mpaka lini. Kijijini habari zikaenea. Sasa hata majirani wakipita hawaombi maji.

"Mimi nataka mseme," Bibi Mbeleje akasema. "Kama niliwanywesha watu sumu, niambieni niwafuate mmoja mmoja niwaombe radhi. Kama sikuwanywesha, nendeni mkamwambie yule mzee."

Bi. Zuhura aliniuliza zile herufi mbili ni nini. Nikasema, kwa uhakika wa mtu mwenye shahada, kwamba ni kifupi cha jina la kiwanda. Akasubiri kidogo kuona kama nitajirekebisha, kisha akaniambia ni kipimo. Alikuwapo Mwaustria aliyeitwa Mache, aliyepima maji ya chemchemi za kwao, na miaka ile nguvu ya maji ilihesabiwa kwa jina lake: mache moja ni kama becquerel kumi na tatu na nusu katika lita. Kikafa, akasema, kama vinavyokufa vipimo vingi, ila bado kipo kwenye ubavu wa magudulia. Nilikuwa kazini zaidi ya miaka ishirini na sikuwahi kumsikia bwana huyo. Nilijiambia angalau sikumkosea jina.

Tulikwenda. Nyumba ya Bibi Mbeleje ilikuwa ya bati, safi, uwanja umefagiwa mistari. Kabla hatujafungua sanduku la vifaa, Agness alikuja na trei yenye bilauri mbili, akapiga goti. Maji yale yalikuwa ya gudulia.

Hapo, wenzangu, ndipo nilipokumbuka kila nilichosoma juu ya mifupa. Kitaalamu nilitakiwa kupima kabla ya kunywa. Kibinadamu, bibi alikuwa amesimama mlangoni akiangalia mikono yetu. Bi. Zuhura alikunywa bilauri nzima, akashukuru, akaomba nyingine. Mimi nikanywa yangu kwa mafunda madogo, kana kwamba udogo wa funda ungepunguza kitu.

Bibi akatusimulia habari za gudulia. Babu wa mumewe, Ndahani, alikuwa mpishi wa Mjerumani mpima njia ya reli, wakati reli inakuja upande huu. Mjerumani huyo aliumwa magoti, na aliamini maji ya gudulia yangeyatia nguvu. Gudulia aliletewa kutoka Ulaya, limefungwa kwenye majani makavu, na kazi ya Ndahani ikawa kulijaza kila jioni maji yaliyochimbwa mchangani mtoni, na kumpelekea Mjerumani bilauri kila asubuhi. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuligusa. Siku moja mbeba mizigo aliyekuwa na kiu kali alikinga kiganja chini ya bomba lake. Alichapwa viboko mbele ya kambi nzima, na Ndahani akaambiwa asimame karibu aone. Vita ilipokuja Mjerumani aliondoka kwa miguu, magoti yakiwa bado yanamuuma, akaliacha. Ndahani akajimiminia bilauri ya kwanza, akanywa, akakaa kusubiri hiyo nguvu.

"Wakamuuliza anajisikiaje," bibi akasema. "Akasema hajisikii tofauti, ila anajisikia Mjerumani hayupo."

Tangu siku hiyo Ndahani akaweka utaratibu wake: maji waliyonyimwa watu yatapewa mtu yeyote anayefika, kabla hajaulizwa ametoka wapi. Wenyewe nyumbani walikunywa ya mtungi wa kawaida. Gudulia likawa la wageni, kutoka mkono hadi mkono, mpaka likafika kwa Bibi Mbeleje.

Nilikaa nikifikiria. Kusini mwa nchi hii, katika miaka hiyohiyo, watu walikunywa maji ya dawa wakaingia vitani wakiamini risasi hazitawapata, na Wajerumani wakaandika sana juu ya ujinga wa Mwafrika. Watu walikufa wengi mno na mimi sicheki. Nasema tu kwamba katika miaka hiyo mabwana wa kwao walikuwa wanasafiri kwenda chemchemi kunywa mionzi kwa bilauri, kwa maelekezo ya daktari, na aliyeshindwa kusafiri aliletewa gudulia.

Nikafungua sanduku. Bibi, kwa kutuheshimu, alikuwa ameliosha gudulia kwa jivu, akalianika juani tangu jana, na maji tuliyokunywa yalikuwa ya mwisho, yaliyohamishiwa kwenye jagi. Nikaingiza bomba la kihesabio ndani ya gudulia. Tiki, tiki. Nikapima ukuta. Tiki, tiki. Nikarudia mara kadhaa, nikasimama wima, nikatangaza kwamba gudulia halina kitu na wakwe waarifiwe.

Agness alifumba macho. Bi. Zuhura aliniita kando, karibu na banda la mbuzi.

"Umepima nini?" akauliza.

"Gudulia."

"Umepima gudulia tupu lililokaa juani na upepo unaingia. Kifaa hicho kinasikia kelele. Radiamu kidogo iliyozikwa ndani ya udongo huo hainong'oni kwa sauti hiyo. Kazi yake ni kutoa gesi, gesi inaingia kwenye maji. Gesi iko wapi sasa? Imeshafika Morogoro."

Hilo ni kosa la watu wa fani yetu peke yetu. Mtu mwingine yeyote akiletewa chombo cha maji angekijaza maji kwanza. Nililazimika kurudi uwanjani na kulirudisha tangazo langu, na kumwangalia Agness akifumbua macho.

Njia sahihi ni rahisi kueleza na ngumu kusubiri. Jaza gudulia maji hadi juu, lizibe hewa isipite, liache mwezi mzima. Jaza maji yaleyale kwenye chupa ya kioo, nayo izibe. Radoni, yaani hiyo gesi, hupungua nusu kila baada ya siku kama nne. Ile iliyokuja na maji yenyewe itakuwa imekwisha baada ya mwezi. Kama gudulia lina radiamu, litakuwa limetengeneza nyingine, na maji yake yatazungumza wakati ya kwenye chupa yamenyamaza. Kama yote yamenyamaza, gudulia ni chungu tu.

Mzee Elia alikubali, kwa sharti moja. Maji ya kule hayaamini, alisema kwenye simu; wakijaza yao watasema lolote. Ataleta ya kwake. Alikuwa na kisima cha kuchimba nyumbani kwake Msalato, kirefu, kilichopasua mwamba, na alikuwa akikitaja kama watu wanavyomtaja mtoto aliyefaulu. Nilikwenda naye kukinga. Nilizamisha chupa zetu kwenye ndoo iliyokuwa inafurika, nikazifunga zikiwa chini ya maji ili gesi isitoroke, yeye akinitazama kwa kuridhika.

"Hata mchungaji akija huyaulizia haya," akaniambia.

Gudulia tulilijaza siku hiyohiyo, Daudi akiwa amebeba madumu. Alikuwa kijana mpole, mikono ya fundi, wa gereji moja ya Kizota. Alimsalimia bibi kwa adabu zote. Agness alikuwa amekaa ndani na hakutoka, na Daudi hakuuliza yuko wapi. Tulipaka nta kwenye mfuniko na kwenye bomba, tukaweka mihuri yetu.

Nilirudi maabara na chupa moja ya ziada, maana Bi. Zuhura alitaka tujue maji yalianza yakiwa vipi. Tukapuliza hewa ndani yake, gesi ikapanda kwenye chemba, mashine ikaanza kuhesabu. Ikahesabu. Nikamwita Bi. Zuhura. Akaangalia, akavuta kiti, akakaa.

Maji ya Mzee Elia yalikuwa yanazungumza kwa sauti kubwa. Si ajabu: nchi yetu hii ya kati imekaa juu ya mawe ambayo watu wametafuta urani ndani yake, na maji yanayotoka mbali chini hupanda na gesi ya huko. Tulirudia kipimo. Yalikuwa chini ya kiwango ambacho kingetulazimu kuchukua hatua, ila hayakuwa mbali nacho.

"Nimpigie?" nikauliza.

"Umwambie nini? Bati, shati au homa?"

"Bati."

"Basi hakuna moto wa kuzima. Mwambie yakikingwa yaachwe wazi kwenye ndoo mpaka kesho yake, ni ushauri tunaompa kila mwenye kisima. Namba atazisikia siku ya kufungua, pamoja na wenzake, zikiwa zote tatu pamoja: ya kisima, ya gudulia na ya chupa. Ukimpa moja leo, kesho itakuwa uvumi wa pili."

Nikampigia. Akanishukuru kwa ushauri na akasema maji yake hayahitaji kusubiri. Mwezi huo nilikuwa mtu wa ajabu. Nilijua kwamba mzee aliyesimamisha ndoa ya watu kwa kuogopa bilauri moja alikuwa anakunywa ndoo nzima ya kitu kilekile kila siku, na nikajikuta nikitamani gudulia nalo liwe na kitu, wagawane aibu. Hiyo si tabia njema kwa mpimaji.

Siku ya kufungua, ukoo wa Msalato ulikuja na gari dogo, wakakaa upande mmoja wa uwanja. Ukoo wa bibi upande mwingine. Mashine tuliiweka mezani katikati, chini ya kibanda cha bati. Bi. Zuhura aliwaonyesha mihuri haijaguswa. Tukaanza na chupa iliyofungwa mwezi mzima. Mashine ikahesabu kwa uvivu, ikatulia. Kisha maji ya gudulia. Watu wote wakasogea. Mashine ikahesabu kwa uvivu uleule, ikatulia palepale.

"Gudulia halina radiamu," Bi. Zuhura akasema. "Wala halikuwa nayo zamani ikaisha. Radiamu hukaa karne na karne. Aliyeliuza aliandika namba kubwa ubavuni, ndani akaweka udongo."

Bibi Mbeleje hakufurahi kama nilivyotarajia.

"Kwa hiyo Mjerumani aliuziwa chungu."

"Ndiyo, bibi."

"Na mtu akachapwa kwa ajili ya maji ya mchangani."

"Ndiyo."

"Na mimi miaka yote hii nawapa wageni nikidhani nawapa kitu."

Ikabaki chupa ya tatu, maji ya kisima yaliyokingwa asubuhi hiyo, ya kuonyesha kwamba mashine haikuwa imelala. Nikayaunganisha. Mashine ikaanza kuhesabu kwa kasi ambayo hata asiyejua kusoma aliiona.

Mzee Elia alinyoosha shingo. "Hayo ni ya wapi?"

"Ni ya kwako, mzee," nikasema.

"Ya kwangu ya leo?"

"Ya leo."

Bi. Zuhura akamweleza polepole. Akasema ni gesi ya mwambani, akasema kiasi, akasema hakuna wa kuhama wala kufunga kisima; akinge, aache wazi ndooni mpaka kesho, gesi itaondoka yenyewe, na tutakuja kupima tena kila mwaka. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, kama anayeongea na viatu vyake, "Nimemnywesha mchungaji."

Upande wa bibi kulikuwa na wajomba wawili ambao, niliona, walikuwa wameshafungua midomo. Bibi Mbeleje aliwahi.

"Mzee Elia," akasema, "Mjerumani alikitafuta kitu hicho akavuka bahari hakukipata. Wewe umechimba uani kwako ukakikuta. Kama ni hivyo, mjukuu wangu angekuwa anakwenda kwenye maji mazito kuliko haya yetu. Na mimi maji yako nayanywa hata sasa, kama mmeniletea."

Mzee Elia alimwangalia kuona kama anachekwa. Sijui aliona nini, maana hata mimi niliyekaa karibu sikuweza kujua. Akacheka yeye kwanza, kidogo, halafu watu wake wakaona wanaruhusiwa. Akasimama, akaweka sawa koti lake, akasema kwamba ukoo wake ulikuwa na haraka ya hofu, kwamba aliyesimamisha ni yeye na anayeruhusu ni yeye, na kwamba ng'ombe wako tayari, itajwe siku tu.

Wajomba wakaanza kuzitaja Jumamosi. Agness, aliyekuwa amekaa nyuma ya bibi yake tangu asubuhi bila neno, akasimama.

"Daudi," akasema. "Mwezi mzima ulikuwa unasubiri mashine?"

Daudi akasimama pia, maana hakujua la kufanya na miguu yake.

"Nilikuwa namsubiri baba mkubwa," akasema.

"Ulikuja hapa na madumu. Nilikuwa ndani."

"Nilijua."

"Ulijua."

Mzee Elia akakohoa, akasema binti, hayo yameshapita, sisi wazee tumeshayamaliza. Agness akamgeukia kwa heshima zote, mikono mbele.

"Shikamoo, baba. Nyinyi mmemaliza. Mimi bado sijajibu, kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Hawa wataalamu wamesema kitu kikifungwa mwezi mmoja, kilichokuja nacho kinaisha, na kinachobaki ndicho chake mwenyewe. Basi na mimi nipeni mwezi. Asije mtu, asipige simu mtu. Ukiisha, mje mpime."

Mzee Elia alimtazama Bi. Zuhura, kama anayeomba mamlaka ya serikali iingilie kati.

"Kitaalamu yuko sahihi," Bi. Zuhura akasema, akaanza kukunja nyaya.

Ripoti niliiandika mimi, kwa becquerel katika lita, bati tupu, hakuna shati wala homa, na ikapita bila kurudishwa, jambo ambalo halikunitokea mara nyingi. Mwezi ulipoisha hatukuitwa, maana safari hiyo vifaa vyetu havikuhitajika. Nilisikia baadaye kwa Bibi Mbeleje, alipokuja mjini. Gari dogo la Msalato lilirudi kijijini, akasema, likasimama mbali kidogo na nyumba. Wazee walibaki ndani ya gari vioo vimefungwa, na Daudi akateremka peke yake, akavuka uwanja, akabisha hodi, akaomba kuzungumza na Agness, amuulize yeye mwenyewe.